Benchi la kutulia mzigo: Nilichojifunza kwa mama na ubao kando ya Rusizi II

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

WAHENGA walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo niliifahamu tangu shule ya msingi, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiitumia kama pambo la maneno tu. Maana yake kamili nilikuja kuipata nikiwa mtu mzima mwenye nyumba, kando ya barabara inayoteremka kwenda mpaka wa Rusizi II, nikiwa nimeshika futi kamba mkononi na kipande cha ubao kwapani.

Msomaji aliyewahi kuvuka pale hahitaji kuelezwa sana. Alfajiri, wanawake kutoka upande wetu hushuka na nyanya, kabichi, vitunguu na madumu ya maziwa kuelekea Bukavu. Alasiri hurudi na vitenge, sabuni au mafuta ya mawese. Mto uleule unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika ndio uliotoa jina la mpaka na la kituo cha umeme cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 na kinachotumiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo. Umeme huvuka kwa nyaya bila jasho. Nyanya huvuka kwa shingo ya mtu.

Nimeulizwa mara nyingi na wasafiri kwa nini mbele ya ua wetu kuna benchi la ajabu lenye umbo la ngazi, ambalo upande mmoja linakalika na upande wa pili halikaliki. Makala hii ni jibu langu kwao, na pia ni ushauri kwa yeyote anayetaka kujenga benchi la mbao nyumbani kwake bila kupoteza pesa kama nilivyopoteza mimi.

Benchi la kwanza

Familia za wazazi wangu zilikimbia Cyangugu mwaka 1961. Mama alikuwa msichana wa miaka 13. Mimi nilizaliwa Uvira, nikasomea huko, na mwaka 1995 tukarudi sote. Baba alifariki mwaka 2003 kabla hajajenga, akatuachia kiwanja katika sekta ya Mururu. Nilifanya kazi Kigali hadi mwaka 2016, ndipo nikaja kujenga.

Kiwanja chetu kina mteremko mkali, kama viwanja vingi vya huku. Upande wa nyuma fundi alishauri tusijaze udongo, bali tusimamishe nguzo na kuweka sakafu ya mbao juu yake. Hivyo nikapata baraza la mbao linaloning'inia juu ya bonde, mtu akisimama pale anaiona milima ya Kongo yote. Nilijivuna nalo sana. Kilichobaki ni benchi la kukalisha wageni.

Januari 2017 tulikuwa tunangojea ugeni wa posa ya dada yangu mdogo. Nikanunua mbao nene nane za mkaratusi, zile za sentimita 5 ambazo huku huitwa madriye. Zilikuwa zimepasuliwa wiki ileile na bei yake ilikuwa rahisi. Kijana mmoja seremala alizikata, akazipiga misumari, na kwa siku moja tu benchi likawa tayari. Wageni walikaa, wakasifu, posa ikapokelewa.

Kiangazi kilipofika mwezi wa Julai, benchi lilianza kunidhihaki. Ncha za mbao zilipasuka. Ubao wa kukalia ulijipinda kama jani kavu, mguu mmoja ukaelea juu ya sakafu, na misumari ikaanza kuchomoza vichwa na kuchana nguo. Siku moja jirani mzee alikaa upande mmoja, upande wa pili ukanyanyuka, chai yote ikammwagikia magotini.

Nilimlaumu yule kijana, lakini kosa lilikuwa langu. Mti uliotoka kukatwa umejaa maji. Maji yanapotoka, ubao husinyaa, nao hausinyai sawasawa: kwa urefu haupungui sana, kwa upana hupungua zaidi, na upande mmoja wa pete za mti hupungua kuliko mwingine. Ndiyo sababu ubao hujipinda. Mkaratusi ni mti unaopatikana kila kona ya Rwanda na mbao zake ni ngumu, lakini hausamehe haraka. Mafundi wana kanuni yao ya zamani: ukikausha ubao kivulini, upe karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mimi niliupa siku tatu.

Madriye nne zilikuwa zimebaki. Nilitaka kuzifanya kuni. Mama akakataa, akaagiza zipangwe chini ya baraza, juu ya mawe ili mchwa wasizifikie, na kati ya kila ubao na mwenzake viwekwe vijiti. "Ziache zipumue," alisema. Nikazisahau.

Mama anaanguka

Mama yangu ni mfanyabiashara wa miguu. Huko Uvira aliuza samaki, hapa ameuza maharage, unga na viazi vitamu. Mwaka 2018 alikuwa na miaka 70, nami nilikuwa nimemwomba mara nyingi aache. Alikuwa akinijibu kwamba mtu akiacha kutembea ndipo anapozeeka.

Siku moja ya Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, alirudi kutoka soko la Kamembe na mzigo wa viazi kichwani. Mtu aliyejitwika mzigo mkubwa hupandishiwa na mwenzake, na akifika hutuliwa na mwenzake. Peke yake ni hatari. Mama alifika langoni akaita, nyumbani hapakuwa na mtu. Akasimama kungoja mpita njia amtue. Mvua ikazidi, hakuna aliyepita. Akajaribu kuutua mwenyewe. Udongo mwekundu ukamtelezesha, akaangukia mkono, mfupa wa kifundo ukavunjika.

Nilitoka Kamembe usiku nikamkuta amefungwa plasta, amekaa sakafuni barazani na mgongo ameuegemeza ukutani, maana benchi langu lilikuwa halikaliki. Nilishikwa na aibu. Nikamwambia:

"Mama, nitakutengenezea benchi jipya hapahapa, la libuyu, uwe unakaa ukiangalia ng'ambo."

Libuyu ni mbao nzuri nyekundu inayotoka Kongo, na bei yake si ya kila mtu. Nilidhani atafurahi.

"Ng'ambo naijua," akasema. "Nimekaa huko miaka 34. Hilo benchi lako liweke barabarani."

Nikamwambia barabarani ninajenga ukuta. Kweli, matofali yalikuwa yameshafika.

"Mwanangu," akasema, "tumengoja miaka yote hiyo kurudi kwetu, halafu jambo la kwanza unalofanya ni kujifungia?"

Ndipo aliponisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka 1961, walipovuka, yeye alikuwa amebeba kichwani furushi la nyumba nzima: sufuria, blanketi mbili na mtama. Upande wa pili hawakumjua mtu. Walitembea hadi nyumba ya kwanza kando ya njia, bibi mmoja akatoka, hakuuliza kabila wala watokako, akaunyoosha mikono na kusema, "Tua, mwanangu." Akamtua furushi, akaliweka juu ya gogo lililokuwa mbele ya nyumba yake. Mama anasema mambo mengi ya siku ile ameyasahau, hata sura ya bibi yule ameisahau, lakini gogo analikumbuka.

Fundi kutoka Bukavu

Benchi la pili lilianza kwa kumtafuta fundi anayejua mbao. Nilielekezwa kwa seremala mmoja wa Bukavu ambaye alikuwa akivuka kila siku kuja kufanya kazi upande wetu. Alipofika aliomba kwanza kuona mbao nilizonazo. Nikamwonyesha zile nne chini ya baraza, nikamwambia ni zilezile zilizonisaliti.

Akaipiga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Papa," akasema, "hii haikukusaliti. Wewe ndiye uliiamsha mapema."

Hata hivyo hakuianza kazi. Alikata kipande kidogo cha ubao, akaniagiza nikipime kwenye mizani ya dukani kila Jumatatu na kuandika. Wiki ya kwanza na ya pili uzito ulipungua kidogo. Wiki ya tatu na ya nne haukubadilika. "Sasa imekauka kwa hewa ya hapa," akasema, "tufanye kazi." Ilikuwa Agosti 2018, miezi 19 tangu nizinunue. Nawaomba wasomaji wakumbuke mbinu hii ya mizani, kwa kuwa haina gharama na haidanganyi.

Nilikuwa nimechora benchi kwenye karatasi: kiti cha kawaida, na nyuma yake, badala ya egemeo, ubao mpana wa kuwekea mizigo. Fundi aliusifu mchoro. Mama akautazama kwa muda, akauliza swali moja tu: "Atapitaje juu ya kiti?"

Hatukumwelewa. Akasimama, akajifanya amebeba mzigo mgongoni kama wafanyavyo akina mama wabeba mizigo wa Bukavu, wale ambao kamba ya mzigo huipitisha kwenye paji la uso. Akarudi nyuma kinyumenyume kuelekea mchoro wetu tulioupanga kwa matofali. Miguu yake ikagonga kiti kabla mgongo haujafika kwenye ubao wa mzigo. Kiti kilikuwa kimezuia njia. Mimi na fundi, wanaume wawili wenye futi kamba na penseli, hatukuwa tumeliona hilo, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kubeba kilo 40 mgongoni akitafuta pa kutua.

Kupima watu, si mbao tu

Kuanzia hapo tulibadili utaratibu. Kwa siku mbili nilisimama langoni na futi kamba. Nilikuwa nawaomba akina mama wanaopita radhi, nawaeleza kazi yenyewe, kisha napima kutoka ardhini hadi chini ya mzigo. Wengine walicheka wakasema huyu baba amepotewa na akili. Wengi walikubali, na wengine wakanipa ushauri ambao sikuuomba.

Niligundua kwamba tunahitaji vimo vitatu. Cha kwanza ni cha kukalia, sentimita 45, ambacho ni kimo cha viti vingi vya kawaida, mtu anakaa na nyayo zake zinagusa chini. Cha pili ni cha mzigo wa mgongoni. Kwa wengi, kitako cha mzigo kilikuwa sentimita 85 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo tukachagua 80. Mwanamke anarudi nyuma, anakunja magoti kidogo, mzigo unakaa, anavua kamba kichwani, yuko huru. Cha tatu ni cha mzigo wa kichwani. Hapa tulichagua sentimita 135, karibu na bega. Anausogelea ubao kwa mbele, anainamisha shingo kidogo, anautelezesha mzigo mbele, basi. Kuujitwika tena ni vivyo hivyo kinyume chake, bila kumsubiri mtu.

Vimo hivyo tuliviweka kwa mstari mmoja, kimoja baada ya kingine: kiti chenye urefu wa sentimita 180, kisha kibao cha mgongoni cha sentimita 100, kisha kibao cha kichwani cha sentimita 70. Ndiyo sababu benchi letu linaonekana kama ngazi.

Namna tulivyolijenga

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, kazi yenyewe si ngumu. Madriye zetu zilikuwa na upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 4. Ya kwanza ilitoa mbao mbili za kiti. Ya pili ilitoa mbao mbili za kibao cha kati na mbili za kibao cha juu. Zilizobaki zilitoa vipande vya kukingama na mishazari. Miguu tulitumia nguzo kavu za sentimita 10 kwa 10.

Miguu iko jozi nne. Jozi ya kwanza, kwenye mwanzo wa kiti, ni mifupi na imesimama juu ya mawe bapa. Jozi ya pili inafika kimo cha kibao cha kati, na jozi mbili za mwisho zinafika kimo cha juu. Hizo ndefu nne za mwisho zilifukiwa nusu mita ardhini, kwa kokoto chini na saruji pembeni, kwa sababu mtu anapoutelezesha mzigo huwa anasukuma, na kitu kirefu kinachosukumwa kila siku kitaanguka kisiposhikwa na ardhi. Ncha za kufukiwa zililoweshwa kwanza kwenye oili chafu ya magari. Maji hupanda kwenye ubao kupitia ncha yake kama yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo ncha ndiyo ya kulindwa kuliko pande.

Kila jozi ilifungwa kwa kipande cha kukingama, na kila kiungo kikapewa bolti mbili zenye waasha. Jumla bolti 24. Misumari fundi aliikataa. Mkaratusi ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba msumari hupinda au hupasua ubao, ndiyo maana kila tundu lilitobolewa kwanza kwa kekee. Tena bolti ikilegea unaikaza kwa spana. Msumari ukilegea huna la kuufanya.

Kisha mishazari. Benchi lenye miguu iliyonyooka tu litayumba hata ukikaza namna gani, kwa sababu pembe nne zinaweza kulala upande. Pembe tatu hazilali. Vipande viwili vya mshazari, kimoja mbele na kimoja nyuma, vilitosha kulituliza.

Kati ya ubao na ubao tuliacha nafasi ya kidole kimoja, maji ya mvua yapite. Upande wa mbele wa kiti tuliushusha sentimita moja kwa sababu hiyohiyo. Vichwa vya skurubu vilizamishwa ndani ya ubao. Mwisho fundi alitumia nusu siku nzima kupitisha randa na msasa kwenye kingo zote hadi zikawa za mviringo. Nilimwambia anapoteza muda. Akanijibu kwamba kitenge cha mama wa watu kikichanika kwenye kona ya benchi langu, atakayelaaniwa ni mimi, si yeye.

Hatukupaka rangi sehemu ya kukalia. Rangi ya juani hubanduka na kuficha maji chini yake. Mbao zimegeuka kijivu sasa, nazo ni nzima.

Mita mbili za ua

Mbao hazikuwa gharama kubwa. Gharama ilikuwa ardhi. Benchi haliwezi kukaa kwenye hifadhi ya barabara, kwa hiyo ilibidi lisimame ndani ya kiwanja chetu, nami niurudishe ukuta nyuma mita mbili. Mtu aliyezaliwa ukimbizini atanielewa nikisema kwamba mita mbili hizo ziliniuma. Baba alikufa akiihesabu ardhi hiyo kwa hatua zake.

Aidha, majirani hawakuafikiana. Katika mkutano wa mudugudu mmoja alisema benchi litaleta vijana wa kuzurura na wezi. Mwingine alisema litaleta maganda na uchafu. Walikuwa na haki ya kuuliza. Mama alisimama, mkono bado umefungwa, akasema atafagia yeye mwenyewe kila asubuhi, na siku atakaposhindwa, benchi ling'olewe. Hakuna aliyempinga. Jumamosi ya mwisho ya Agosti, baada ya umuganda, wanaume sita walibaki wakatusaidia kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo.

Jumatatu iliyofuata, mwanamke wa kwanza kulitumia hakuuliza lolote. Alirudi kinyumenyume, mzigo ukakaa, akavua kamba kichwani na kufuta jasho kwenye alama iliyobaki pajini. Alipumzika kama dakika tano, akaingia tena kwenye kamba yake, akaenda. Nilisimama nyuma ya lango nikimtazama, na nilisikia raha ambayo baraza langu la kuangalia milima halijawahi kunipa.

Si jambo geni

Baadaye nilikuja kujua kwamba hatukubuni kitu kipya. Mwaka 1861, jijini London, katika barabara ya Piccadilly, liliwekwa bao juu ya nguzo, kimo cha bega, mahususi kwa wapagazi kupumzisha mizigo yao bila kuitua chini. Kule Kerala, kusini mwa India, kuna mawe ya namna hiyo kando ya njia za zamani. Kila mahali ambapo watu wamebeba, alipatikana mtu wa kufikiri juu ya shingo zao.

Nasi Waswahili tuna letu. Ukienda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar utaona mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na kuta za nyumba, upande wa nje, yakiitwa baraza. Mwenye nyumba huyajenga kwa gharama yake, lakini mpita njia hukaa bila kuomba. Kwa kukaa kule watu wakazungumza, wakaamua mambo, hata leo tunasema baraza la wazee na Baraza la Mawaziri. Neno la serikali limetoka kwenye benchi la nje. Mimi niliita baraza kile kibanda changu cha nyuma, ambako mgeni haingii mpaka apite milango miwili.

Miaka iliyofuata

Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, biashara ya miguu ilisimama. Benchi likakaa tupu, nyasi zikaota chini yake. Mama aliendelea kufagia. Nilimwuliza anamfagilia nani, akasema benchi halifungwi.

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, nililiona limekaliwa na watu ambao mizigo yao haikuwa ya biashara: godoro, sufuria, mtoto. Mama alitoka. Mkono ule wa kushoto haunyooki vizuri tangu aanguke, lakini aliunyoosha. Nilisikia alichosema, na wasomaji wameshakijua.

Mwaka jana tulibadili ubao mmoja wa kibao cha kati. Haukuoza, ulikuwa umelika kwa kusuguliwa na magunia. Fundi alipouona alisema hajawahi kufurahia ubao uliochakaa kama ule.

Ndugu msomaji, kama nawe umerudi kwenu na unajenga, au una duka kando ya njia ya mpakani, nakushauri mambo machache. Nunua mbao mapema kuliko unavyozihitaji, uzipange kivulini kwa vijiti, uzipime kwa mizani mpaka ziache kupungua. Tumia bolti, weka mishazari, linda ncha za miguu. Lakini kabla ya yote hayo, simama langoni na futi kamba, uwapime watakaolitumia. Uliza hasa wale wanaobeba, kwani sisi tusiobeba huchora viti vinavyozuia njia.

Lile benchi la kwanza bado liko kule nyuma barazani, limejipinda vilevile. Nimeweka kijiwe chini ya mguu mmoja. Jioni hukaa pale peke yangu nikitazama milima. Mama hapendi kukaa nami huko. Yeye yuko mbele, na ufagio wake.